Ramani za kidijitali zafuata nyayo za watumwa

INAKADIRIWA kuwa Waafrika milioni 12.5 walipakiwa melini na kuvushwa Bahari ya Atlantiki kati ya karne ya 16 na ya 19. Takriban milioni 10.7 ndio waliofika Amerika wakiwa hai. Ramani za kidijitali sasa zinawawezesha wasomi kuzifuata safari hizo moja baada ya nyingine.

Msingi wa kazi hiyo ni hifadhidata ya SlaveVoyages, iliyowekwa kwenye intaneti mnamo 2008. Ina rekodi za safari zaidi ya 36,000 zilizokusanywa kutoka kwa nyaraka za bandari na za wafanyabiashara. Kila safari ina nambari yake, jina la meli, tarehe, bandari na idadi ya mateka. Kompyuta huilinganisha kila bandari na longitudo na latitudo yake, kisha huchora mstari.

Chukua mfano wa São José, meli ya Ureno. Iliondoka Kisiwa cha Msumbiji mnamo Desemba 1794 kuelekea Maranhão, Brazil, ikiwa na mateka zaidi ya 400. Wiki chache baadaye ilizama karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 waliangamia. Walionusurika waliuzwa huko huko.

Hata hivyo, mstari huo huanzia bandarini. Karani alihesabu vichwa. Hakuuliza mtu alitoka kijiji gani. Ili kuziba pengo hilo, watafiti wanatumia orodha ya majina zaidi ya 91,000 ya Waafrika, mengi yakiwa yaliandikwa Freetown na Havana baada ya meli za watumwa kukamatwa. Wazungumzaji wa lugha za Kiafrika husaidia kutambua jina ni la lugha gani, na hivyo kukisia alikotoka mwenyewe.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kazi ni ngumu zaidi. Misafara kutoka eneo la Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, haikuacha nyaraka nyingi kama za Atlantiki, wala majahazi yaliyoelekea Arabuni. Baadhi ya waliokombolewa baharini walipewa makao Freretown, Mombasa, kuanzia 1875, na kumbukumbu za wamishenari ni miongoni mwa vyanzo vichache vilivyopo.

Kwa hivyo, pale ramani isipokuwa na mstari, msomaji asidhani hapakupita mtu. Huenda hapakuwa na karani tu.