Je, amplifaya yako na spika zako zapatana?

Jirani yangu mmoja aliuza kahawa yake, akalipa karo ya watoto, na kwa salio akanunua amplifaya na spika mbili. Kisha binti yake akaposwa. Siku ya sherehe mzee aliazima spika mbili nyingine kwa shemeji yake, akazifunga pamoja na zile zake, mbili upande wa kuume na mbili wa kushoto. Muziki ulivuma mpaka ng'ambo ya mto. Yapata saa nne za usiku tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, halafu kimya. Wageni walimaliza sherehe kwa ngoma na makofi, wala haikuwa vibaya. Lakini fedha ya kahawa ilikuwa imekwenda na moshi.

Asubuhi alikuja fundi, kijana wa pale pale kijijini. "Mzee, ulifunga spika ngapi?"

"Nne, mwanangu. Nami sioni kosa, maana mashini ni ya wati 50 kila upande, na kila spika ni ya wati 50. Zilipatana."

"Wati zilipatana, mzee. Omu hazikupatana."

Yaelekea nawe, msomaji, wazijua wati lakini omu hujapata kuziuliza. Basi geuza spika yako uitazame mgongoni. Karibu na mahali pa kufungia waya utaona tarakimu 4, 6 au 8, na mbele yake alama Ω. Ndiyo Omega, herufi ya mwisho ya Kiyunani, ambayo mmeizoea juu ya mshumaa wa Pasaka. Hapa yasimama badala ya jina la Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, na mwaka 1827 alitoa kitabu cha kueleza jinsi umeme unavyopita katika waya. Wengi wa kwao hawakukijali. Lakini mwaka 1841 wataalamu wa London walimpa medali.

Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Fikiri pipa la maji lililotiwa bomba. Spika ya omu 8 ni bomba jembamba, ya omu 4 ni bomba pana. Sasa ukifunga spika mbili za omu 8 ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umetia mabomba mawili katika pipa moja, na maji yatoka maradufu. Wengi huhesabu 8 na 8 ni 16. Sivyo! Kwa kufunga namna hiyo amplifaya yaona omu 4 tu.

Tuseme amplifaya yatoa volti 20 kila upande. Spika ya omu 8 yavuta ampea 2.5, ndizo wati 50. Omu zikishuka kuwa 4, zavutwa ampea 5, yaani wati 100. Zikiwa 2, ampea 10. Mashini iliyoundwa kwa ampea 2.5 itafanyaje? Itajitahidi kama punda aliyeongezewa magunia, itapata joto, na transista zake zitaungua. Tena zikiungua vibaya, umeme huenda moja kwa moja kwenye spika ukaichoma koili yake. Ndivyo mzee alivyoharibu na spika moja ya shemeji.

Kwa hiyo usome mgongo wa amplifaya pia. Ikiandikwa 4–16 Ω, spika za omu 4 zaruhusiwa. Ikiandikwa 8 Ω, usishuke chini ya 8. Spika yenye omu nyingi zaidi haidhuru kitu. Sauti itapungua kidogo, basi.

Na wati je? Wati za spika ni mzigo inaoweza kuuchukua. Za amplifaya ni nguvu inayoweza kutoa. Watu huogopa amplifaya kubwa, na wana haki kuogopa, lakini ndogo nayo yaweza kuua spika. Ukiisukuma kupita uwezo wake sauti hukwaruza, na mkwaruzo huo hutia joto lisilo la kawaida katika twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, nayo hufa kwanza. Mimi napendelea amplifaya inayolingana na spika au kuzidi kidogo, pamoja na mkono wenye adabu. Ukisikia mkwaruzo, punguza mara moja, hata kama vijana watanung'unika.

Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi la sabufa. Boksi lasema 2,000 PMPO, na kumbe kibao cha nyuma chasema mashini yatumia wati 60 za umeme. Itatoaje kwa muda mrefu zaidi ya inavyokula? Tafuta neno RMS, hilo ndilo la kuaminiwa zaidi. Na kuongeza wati maradufu hakufanyi sauti kuwa maradufu, huipandisha kidogo tu. Kwa kuisikia maradufu wahitaji kama mara kumi.

Kuhusu waya sina mengi: usitumie nyembamba kama uzi kwa safari ndefu, wala usigeuze chanya na hasi upande mmoja, maana besi itapotea nawe utadhani spika ni mbovu.

Fundi alibadili transista, akamwonyesha mzee namna ya kufunga spika mbili kila upande. Chanya ya amplifaya yaenda chanya ya spika ya kwanza; hasi ya spika hiyo yaenda chanya ya spika ya pili; hasi ya pili yarudi kwenye amplifaya. Hapo ndipo 8 na 8 huwa 16. Sauti ni ya chini kuliko usiku ule, kweli. Lakini siku ya ubatizo wa mjukuu muziki ulipigwa tangu adhuhuri hadi jioni, na mzee aliweka kiganja juu ya bati la mashini kila wimbo ulipokwisha. Lilikuwa vuguvugu tu.