Kilo Zilizofichwa Bado Zinahesabika

Msimu wa kahawa ukikolea Karagwe na Kyerwa, mkulima wa robusta hapeleki mzigo wote siku moja. Huanika kahawa ya maganda, hupima iliyokauka, huchukua stakabadhi, kisha hurudi siku nyingine na gunia jingine. Ndani ya kompyuta kila stakabadhi ni mstari mmoja, hivyo mkulima mmoja huyo ni mistari minne, mitano, hata kumi. Ndiyo maana swali jepesi la ofisini huweza kupata majibu matatu: wakulima waliovuka kilo 500 msimu huu wameleta jumla ya kilo ngapi?

Tuchukue wakulima watatu wa mfano. Wa Nkwenda ameleta kilo 180, 140, 120 na 110, yaani 550. Wa Kaisho ameleta 520 kwa mkupuo mmoja. Wa Nyaishozi ameleta 90, kisha 60.

Karani akiiagiza programu ichukue mistari iliyozidi 500, atapata 520. Mkulima wa Nkwenda amefutika, kwa kuwa hana stakabadhi hata moja yenye kilo hizo. Akijumlisha kwanza kwa kila mkulima, kisha akaficha wenye jumla ndogo, karatasi itaonyesha wakulima wawili, lakini chini kabisa itasoma 1,220. Hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu ripoti inaonekana safi. Mkulima wa Nyaishozi haonekani, ila kilo zake 150 zimebaki ndani ya jumla kuu.

Jibu sahihi ni 1,070. Kusanya mistari kwa mkulima, jumlisha, chuja zile jumla, halafu jumlisha zilizobaki. Kwa wanaotumia SQL, amri ya WHERE huchuja mistari kabla ya kukusanya na HAVING huchuja makundi baada ya kukusanya. Matokeo ya HAVING ndiyo yanayojumlishwa tena. Katika Excel, SUM huhesabu hata mistari iliyofichwa, wakati SUBTOTAL yenye namba 109 huiacha.

Lakini hesabu nzima inategemea programu inamtambuaje mkulima. Kusanya kwa namba ya uanachama, kamwe si kwa jina. Mutalemwa, Mtalemwa na Mutaremwa wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu, na kompyuta itawaona ni watatu, kila mmoja chini ya kiwango. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, kinahudumia vyama vya msingi vya Karagwe na vya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwenye mashamba pande zote mbili anaweza kuwa na namba mbili, kwa hiyo ziunganishwe kabla ya kujumlisha.

Amueni pia mapema kama kiwango ni “zaidi ya 500” au “500 na kuendelea”, na mkiandike juu ya ripoti. Aliyefikisha 500 kamili ana haki ya kujua yuko upande gani.