Dayodi na Betri ya Mizani

Msimu wa ununuzi unapofika, chama cha msingi chenye mizani ya elektroniki hutegemea betri iliyomo ndani ya mizani hiyo, ambayo aghalabu ni ya volti 6. Betri ikiisha saa nne asubuhi, wakulima husimama na magunia yao juani. Lawama humwangukia karani wa mizani kwamba hakuichaji usiku, na kamati huidhinisha fedha za betri mpya. Baada ya majuma machache nayo huonyesha udhaifu ule ule. Pengine karani hakukosa lolote, na kosa limo katika kifaa kidogo kiitwacho dayodi.

Umeme wa gridi ni mkondo geu: huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde. Betri haijazwi na mkondo wa namna hiyo, kwani kinachoingia mkondo unapokwenda hutoka unaporudi. Hutaka mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu.

Transfoma hupunguza volti 230 za ukutani ziwe chache. Kazi ya kunyoosha ni ya dayodi. Hiyo ni kipande cha silikoni chenye pande mbili. Upande mmoja umetiwa fosforasi kidogo sana, ukawa na elektroni za ziada. Wa pili umetiwa boroni, ukawa na upungufu wa elektroni. Umeme ukisukuma kutoka upande wa boroni, mpaka uliopo kati hupitisha, ukitoza kama volti 0.7 hivi. Ukisukuma kinyume, mpaka hupanuka na kuzuia. Ni mfano wa valvu ya tairi la baiskeli: upepo wa pampu huingia, wa ndani hautoki.

Dayodi moja ingepitisha nusu tu ya umeme na kuipoteza nusu nyingine. Kwa hiyo hupangwa nne, kwa mpango uitwao daraja. Mkondo ukija upande huu hupita katika mbili. Ukigeuka hupita katika mbili nyingine, lakini huingia katika betri kwa mlango ule ule.

Dayodi moja ikikatika, taa ya kuchaji huweza kuendelea kuwaka kama kawaida, ilhali nusu ya mapigo ya umeme haifiki. Betri isiyojaa kila siku hufanya ukoko wa salfeti juu ya mabamba yake ya risasi, na hivyo hata betri mpya huharibika. Dayodi ikiungana ndani kwa ndani, fyuzi hukatika. Anayeweka waya mnene badala ya fyuzi huiunguza transfoma.

Kabla ya kununua betri, fundi achomoe mizani ukutani, atenganishe betri, kisha apime kila dayodi kwa mita. Dayodi nzima husoma volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili hazisomeki. Ikibadilishwa, mstari uliochorwa kwenye ncha yake uelekee pale pale ulipoelekea wa zamani.