Meno ya kitana kwenye video ya harusi: yanatoka wapi, na yanaondokaje?

Harusi ilifanyika Tanga mwaka 1996. Kanda yake ilikaa kabatini zaidi ya miaka 20, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mpaka familia yetu ilipoamua kuipeleka kwa fundi mjini ili aihamishie kwenye kompyuta. Tukarudishiwa flashi. Jioni tuliyoichomeka kwenye televisheni bapa ya sebuleni, bibi alitokea akicheza, kanga kiunoni, na kila alipozungusha mkono, mkono ule ulichanika: mistari myembamba ya mlalo, kama meno ya kitana. Alipotulia, sura yake ilirudi safi. Alipocheza tena, meno yakarudi.

Bibi alifariki miaka miwili baada ya harusi ile, na hatuna video yake nyingine. Fundi alituambia kanda imechoka. Tungemwamini, tungeitupa.

Wasikilizaji wengi wana kanda kama hiyo nyumbani, na wengi wameonyeshwa meno hayo hayo wakaambiwa maneno hayo hayo. Lakini kanda iliyochoka haina tabia ya kuharibu kinachotembea na kuacha salama kilichosimama. Uchakavu haubagui. Meno yanayotokea kwenye mwendo tu yana asili nyingine, na mara nyingi yanatibika.

Picha mbili ndani ya moja

Televisheni za zamani, zile za chogo, hazikuchora picha nzima kwa mkupuo mmoja. Mwale wa elektroni ulichora mstari wa 1, wa 3, wa 5 mpaka chini ya kioo, kisha ukarudi juu kujaza wa 2, wa 4, wa 6. Ujanja huo ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Fritz Schröter wa Telefunken nchini Ujerumani na Randall Ballard wa RCA nchini Marekani waliufanyia kazi kila mmoja kwa upande wake. Kurusha picha nyingi kamili kila sekunde kulikula nafasi kubwa mno ya mawimbi. Kurusha chache kulifanya kioo kipepese mpaka macho yaume. Kurusha nusu-picha nyingi kulipunguza matatizo yote mawili. Mafundi wa lugha yetu huuita mfumo huo intalesi.

Tanzania na Kenya zilitumia mfumo wa PAL: mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo hubeba picha, na nusu-picha 50 kila sekunde. Kila nusu ina mistari 288. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba nusu hizo mbili si picha moja iliyogawanywa. Kamera ya harusi ilinasa nusu ya kwanza, ikasubiri sehemu ya 50 ya sekunde, ndipo ikanasa ya pili. Mkono unaokwenda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 4 katika muda huo. Kwa hiyo mistari isiyogawanyika kwa mbili inaonyesha mkono pale ulipokuwa, na ile inayogawanyika inauonyesha pale ulipofika.

Kwenye televisheni ya chogo hilo halikuwa na shida, kwa sababu nusu ya kwanza ilikuwa imeshafifia wakati ya pili inachorwa. Kompyuta, simu na televisheni bapa huwasha mistari yote pamoja. Nusu mbili za nyakati mbili zikiwashwa pamoja, ndipo unapata kitana.

(Hapo ndipo pia ilipotoka marufuku ya mashati ya mistari kwa watangazaji wa televisheni. Mstari mwembamba wa mlalo ukiangukia kwenye nusu moja tu, unawaka na kuzima mara 25 kwa sekunde. Khanga na vikoi kwenye kanda za zamani huchezacheza kwa sababu hiyo hiyo, na si kosa la mtu.)

Kwanza pima, usikimbilie kurekebisha

Fungua faili kwa programu ya VLC na usimamishe picha mahali ambapo mtu anatembea. Kisha nenda kwenye menyu ya video na uwashe diintalesi, yaani kazi ya kutenganisha zile nusu-picha na kuzijaza upya ziwe picha kamili. Meno yakiondoka, faili lako ni zima. Lina nusu-picha zake zote, na kilichokosekana ni kuambiwa kichezeshi kwamba liko hivyo.

Hili linaeleza pia kitu kinachowachanganya watu. Ukiunganisha deki moja kwa moja na televisheni bapa kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, picha haina meno, kwa sababu televisheni inajua kinachoingia pale ni PAL na inafanya diintalesi yenyewe. Ukiweka flashi, televisheni inasoma lebo iliyomo ndani ya faili. Lebo ikisema hizi ni picha kamili, haigusi kitu. Fundi aliyeandika lebo isiyo sahihi amekupa picha yenye meno, na televisheni haina lawama.

Meno yasipoondoka, angalia ukubwa wa picha katika maelezo ya faili. Kanda ya PAL iliyonaswa vizuri ina 720 kwa 576. Ukikuta 640 kwa 480, au 1280 kwa 720, jiandae kwa habari mbaya. Mtu au kifaa kilivuta au kubana picha kabla ya kutenganisha nusu zake. Kompyuta inapobadilisha mistari 576 kuwa 720, kila mstari mpya unapikwa kwa kuchanganya jirani wa juu na wa chini, na majirani hao ni wa nyakati mbili tofauti. Meno yanayeyuka na kuwa ukungu wenye mawimbi. Hakuna programu itakayoutenganisha tena kwa uhakika, kama usivyoweza kutoa maziwa kwenye chai.

Faili letu lilikuwa 1280 kwa 720. Vile visanduku vya bei nafuu vinavyogeuza waya wa njano kuwa HDMI ndivyo vinavyofanya hivyo mara nyingi: vinakuza picha ndani kwa ndani, na vingine havifanyi diintalesi ya maana. Mteja anaona "HD" kwenye boksi na kufurahi. Kanda ya VHS haina hata nusu ya undani wa HD, kwa hiyo kuikuza hakuongezi chochote. Dawa ilikuwa moja tu, kunasa upya, na bahati ni kwamba mjomba alikuwa amekataa kanda isitupwe.

Kunasa upya

Kabla ya kuingiza kanda kwenye deki, ifungue kifuniko chake na uitazame. Hewa ya pwani inazalisha ukungu, na unga mweupe kwenye kingo za utepe ni dalili yake. Kanda hiyo usiicheze kabla haijasafishwa, kwa sababu itachafua vichwa vya deki na kila kanda itakayofuata. Vichwa vyenyewe ni vya kutunzwa. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki, iliacha mwaka 2016, na tangu hapo dunia nzima inategemea mitumba.

Tumia kifaa kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya zamani moja kwa moja, si kile cha kupitia HDMI. Deki ikiwa na tundu la S-Video litumie, maana linatenganisha mwanga na rangi. Katika programu ya kunasa chagua PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na uzime kila kitu kinachojitolea kuboresha picha. Pingamizi la kawaida ni kwamba faili litakuwa na meno. Naam, na liwe nayo. Meno makali, kila mstari ukiwa mahali pake, ndiyo malighafi. Kazi ya kuyatoa inafanyika baadaye, kwenye nakala, na ikikosewa inarudiwa bila kuisumbua kanda.

Mitego hapa ni miwili. Wa kwanza ni kunasa kwa mistari 288 tu. Meno hayatokei, na mtu hudhani ameshinda, kumbe ametupa nusu ya picha na nusu ya mwendo. Wa pili ni diski. Video isiyobanwa ya ukubwa huu hula takriban megabaiti 20 kila sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 70 kwa saa. Kompyuta mpakato ya zamani ikizidiwa hudondosha picha. Mwendo unaruka, na baada ya nusu saa midomo na sauti haviendi pamoja. Funga programu nyingine zote, zima intaneti, usipitishe kifaa kwenye kigawanyo cha USB. Mbano wa DV unashusha hesabu hadi gigabaiti 13 kwa saa, na kwa kanda ya VHS unatosha kabisa.

Nusu ipi ilitangulia?

Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Faili jipya lilikuwa safi, diintalesi imewashwa, meno hayapo, lakini watu walitembea kwa kutetemeka, kama wanaokwenda hatua mbili mbele na moja nyuma. Na ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ilidhani nusu ya chini ilitangulia wakati iliyotangulia ni ya juu, ikawa inaonyesha mkono ulipofika kabla ya pale ulipokuwa.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba video za DV huanza na nusu ya chini, na vifaa vingi vya USB huanza na ya juu. Lakini usiamini kanuni, jaribu. Tengeneza kipande cha sekunde 10 chenye mtu anayevuka mbele ya kamera, diintalesi ikiwa ya picha 50 kwa sekunde, kisha kipitie picha moja moja. Akienda mbele tu, umepata. Akirudi nyuma kila baada ya picha moja, geuza mpangilio.

Kwa nini 50 wakati faili linasema 25? Kwa sababu kila nusu ilikuwa wakati wake. Ukitoa 25 unatupa kila wakati wa pili, na ngoma inakuwa nzito machoni. Mimi naona hilo ndilo kosa linalofanywa zaidi na watu wanaojua kazi yao. Wanaondoa meno vizuri lakini wanaondoa na uhai wa mwendo. Vichujio vya yadif na bwdif, ambavyo ni vya bure na vimo ndani ya ffmpeg, vyote vinaweza kutoa 50. HandBrake nayo ina yadif, ila itabidi uchague Bob. Anayenasa kwa OBS abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya chanzo cha video, achague Yadif 2x, na aweke programu yenyewe kwenye picha 50 kwa sekunde.

Baada ya hapo, na si kabla, badilisha ukubwa. Kwa simu, 768 kwa 576 inampa kila mtu unene wake halisi. Nakala ya kutuma WhatsApp itoke kwenye hiyo iliyosafishwa, maana meno ni mzigo mzito kwa mbano, na WhatsApp ikiyakuta huyageuza matope.

Yanayofanana lakini siyo

Nguzo au mlango uliosimama ukiwa na kingo zinazotikisika, hiyo si intalesi. Ni utepe unaopita bila mwendo sawa mbele ya vichwa, na diintalesi haitasaidia. Kinachosaidia ni deki yenye kirekebisha muda ndani yake, au kuipitisha picha kwenye mashine ya kurekodia DVD kabla ya kompyuta. Vurugu ya mistari michache chini kabisa ya picha iko kwenye kila kanda ya VHS. Televisheni za chogo ziliificha nyuma ya fremu, wewe ifunike kwa weusi.

Kanda zilizotumwa na ndugu walioko Marekani au Kanada ni habari nyingine. Huko walitumia NTSC, yenye mistari 480 ya picha na karibu nusu-picha 60 kwa sekunde. Ukizinasa kama PAL utapata picha inayoviringika au isiyo na rangi. Deki nyingi zilizouzwa Ghuba zinacheza mifumo yote miwili, lakini kifaa cha kunasa lazima kiambiwe. Kwa kanda za Kongo na Burundi, ambako televisheni ilikuwa ya SECAM, picha ikitoka nyeusi na nyeupe anzia kwenye mpangilio huo huo.

Tulimaliza kanda ya Tanga kwa jioni tatu. Faili lenye meno yake yote tumeliweka kwenye diski mbili, moja kwa mjomba na moja kwetu, pamoja na kanda yenyewe. Kipande cha bibi kina dakika nne. Katikati yake anageuka haraka kumwambia jambo mtu aliyekuwa nyuma ya kamera, na sasa midomo yake inaonekana vizuri. Shangazi, ambaye alikuwepo, anasema alikuwa anauliza kama wapishi wameshakula.