Uliza Kabla Hujaulizwa: Kusoma Ufahamu na Tamthilia kwa Maswali

Ufahamu una alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili, na watahiniwa wengi huzihesabu kuwa alama za bure. Kifungu kipo mbele yako, majibu yamo ndani yake, na Kiswahili si lugha ngeni kwako. Kwa nini basi alama hizo hupotea? Hupotea kwa sababu mtahiniwa husoma akisubiri kuulizwa. Hupitisha macho hadi mstari wa mwisho, akaona swali, kisha akarudi kuwinda sentensi yenye neno lililo kwenye swali na kuinakili ilivyo. Njia hiyo inaweza kukufaa katika swali la "taja". Inakwama mara tu mtahini anapouliza jambo ambalo mwandishi hakulitamka waziwazi.

Wewe unayesoma Malindi, Mtwapa, Kilifi au Kaloleni una mtego wa ziada. Kiswahili umekisikia sokoni, ufuoni na kwenye matatu tangu utotoni. Hata kama nyumbani mnasema Kigiryama au Kichonyi, lugha hizo ni ndugu wa Kiswahili. Basi hakuna neno linalokukwaza, na kwa kuwa hakuna linalokukwaza, husimami popote. Mwenzako wa bara husita kwenye neno na kujiuliza lina maana gani hapo. Mara nyingine yeye hutoka na mengi kuliko wewe uliyepita mbio. Kuijua lugha na kuielewa taarifa ni mambo mawili.

Wala kuuliza si jambo la kufundishwa upya. Ulipotegewa kitendawili utotoni, hukujibu kwa kurudia maneno ya mtegaji. Ulijiuliza: ni kitu gani chenye sifa hii na ile kwa pamoja? Ukishindwa, ulitoa mji. Kifungu cha ufahamu kinataka kazi iyo hiyo, ila hapa mji unaoutoa ni alama zako.

Soma kifungu hiki kuhusu Gede, mahali ambapo huenda ulishapelekwa ziara na shule.

"Gede ulikuwa mji wenye misikiti, jumba la kifalme, nyumba za mawe na visima. Kaburi mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vyombo vya kaure kutoka Uchina vimefukuliwa humo. Wareno walifika Malindi, mwendo mfupi kutoka hapo, mwaka 1498, wakaishi huko kwa miaka mingi. Hata hivyo, kumbukumbu zao haziutaji mji kwa jina la Gede. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza. Kufikia karne ya kumi na saba, mji ulikuwa umehamwa. Majumba yakamezwa na msitu, hadi James Kirkman alipoanza kuyafukua mwaka 1948."

Sasa funika maswali ya mtahini, kama yapo, ujiulize yako.

Maswali ya nani, wapi na lini yamalize upesi. Majibu yake yako juu ya ukurasa. Kirkman alianza lini? 1948. Songa mbele.

Simama kwenye kisima. Mwandishi anasema kiliongezwa kina, asiseme kwa nini. Watu huongeza kina cha kisima lini? Wewe wa pwani unajua: maji yanapozidi kushuka chini. Kisha tazama sentensi inayofuata: mji ulihamwa. Je, sentensi hizi mbili zimewekwa karibu kwa bahati tu? Hapo ndipo swali la mtahini linapozaliwa: "Kwa kurejelea kifungu, eleza sababu inayoweza kuwa ilichangia kuhamwa kwa Gede. (alama 2)" Anayenakili ataandika, "Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kiliongezwa kina." Huo ni ushahidi bila hoja. Jibu linalotosheleza ni: "Huenda maji yalipungua, kwa kuwa kisima kilibidi kuongezwa kina." Hoja kwanza, ushahidi nyuma yake. Neno "huenda" pia lina kazi, maana kifungu kimeashiria tu, hakikuthibitisha.

Kuna anayejikwaa upande wa pili. Alimsikiliza mwelekezi kule Gede, au alilipenda somo la historia, na anakumbuka Wazimba walioivamia pwani miaka ya 1580 na mashambulizi ya Waoromo. Anajibu kwamba mji ulihamwa kwa sababu ya vita. Wanahistoria huzitaja sababu hizo, kwa hiyo hajasema upuuzi. Lakini swali lilisema "kwa kurejelea kifungu", na kifungu hiki hakina vita. Kila unapoandika jibu, jiulize: ni mstari upi umenipa ruhusa ya kusema hivi? Usipouona, futa. Inauma kufuta jambo la kweli, najua.

Rudi kwenye Wareno. Kwa nini watu walioishi jirani wasiutaje mji wenye jumba la kifalme? Kifungu hakijibu, nawe usibuni. Badilisha swali: mwandishi ameitia sentensi hii kwa nini? "Hata hivyo" inakupa fununu. Kiunganishi hicho huleta jambo lililo kinyume na lililotarajiwa. Mwandishi anataka ushangae, auone msomaji mji huu kama fumbo. Ukiulizwa kuhusu nia ya mwandishi, jibu umeshalipata, na umelipata kwa swali ambalo mwanzoni lilionekana halina jibu.

Msamiati hauna maneno mengi. "Yakamezwa": msitu hauna koo. Maana yake hapa ni yakafunikwa kabisa. Ukiandika "yakapitishwa kooni" umetoa maana ya kamusi, si ya kifungu.

Tuje kwenye vitabu teule. Mwongozo kama huu hukupa orodha ya wahusika na sifa zao, na wengi huikariri orodha hiyo wakiacha kitabu chenyewe kikiwa kipya kama kilivyotoka dukani. Chukua Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Ukikariri kwamba Yona ni mlevi, una neno moja tu. Swali likija, "Jadili jinsi jamii inavyochangia matatizo ya Yona", neno hilo litakuacha mikono mitupu. Soma maonyesho ukiuliza: ulevi huu ulitokana na nini? Nani alimsema, na alimsemea nini hasa? Sara aliumia vipi kwa ulevi huo, na Yona anauona uchungu wa mkewe wakati gani? Neema na Bunju wanalitazama jambo moja kwa macho mamoja? Andika majibu pembeni kwa penseli pamoja na nambari ya ukurasa. Majibu hayo ndiyo hoja zako, na kurasa hizo ndizo mifano yako. Swali la insha la alama 20 hutaka vyote viwili.

Hata dondoo linaloogopwa sana ni maswali manne tu. Unapotakiwa kueleza muktadha kwa alama 4, unaulizwa: nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, na kwa nini. Ukiwa na desturi ya kujiuliza hayo kila mazungumzo yanapobadilika, utakuwa umejibu muktadha wa madondoo mengi miezi kabla ya mtihani. La "kwa nini" ndilo hutupwa mara nyingi; mtahiniwa hutaja mahali kwa urefu, akasahau kilichowafanya wazungumze.

Zoezi. Rudi kwenye kifungu cha Gede.

1. Onyesha kuwa wakazi wa Gede hawakuishi wakiwa wamejitenga na ulimwengu. (alama 2)

2. Tunga maswali mawili ambayo majibu yake yanahitaji kuunganisha sentensi mbili au zaidi. Mpe jirani yako ayajibu, kisha msahihishe. Asipoweza kukuonyesha mstari, usimpe alama.

3. Chagua onyesho moja la Bembea ya Maisha ambalo hamjalijadili darasani. Andika maswali matano kabla ya kusoma maelezo yoyote ya mwongozo huu, ukianza na "kwa nini" katika matatu kati yake.