Risasi Hungoja, Waya Haungoji

Ndugu msomaji, mwezi wa Julai huku kwetu Nassa ni mwezi wa kipupwe. Asubuhi ni baridi. Majani yamekauka, na pamba inachumwa. Watu huota moto kidogo kabla ya kwenda shamba. Zamani huu ndio wakati watu walipokwenda kuwinda. Siku hizi hapa Nassa pori limekwisha. Kuna mashamba, ng'ombe na ziwa. Anayetaka swala husafiri kwenda mashariki, na lazima awe na karatasi.

Mwaka mmoja mzee jirani yangu alinichukua twende pamoja. Leseni ilikuwa yake na bunduki ilikuwa yake. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kunyamaza.

Leseni ni nini?

Leseni ni ruhusa ya serikali. Husema unaruhusiwa kuwinda mnyama gani, wangapi, eneo gani, na mpaka tarehe gani. Usiku ule mzee alinipa taa niisome kwa sauti. Ilisema swala tomi mmoja. "Ng'wanawane, soma tena pale penye eneo," akasema. Nikasoma tena. Mstari ule mmoja ndio unaomtenga mwindaji na jangili.

Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Ndani ya hifadhi ya taifa raia hawindi kabisa. Katika pori la akiba, kama lile la Maswa, huwindi bila kibali. Zamani tulifuata sheria ya mwaka 1974. Inayotumika sasa ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009.

Upepo kwanza

Tulifika kungali giza. Tukakaa chini ya mgunga tukingoja kupambazuke, kwa sababu kuwinda usiku kumekatazwa. Kulipopambazuka, mzee alichota majivu kwenye kifuko akayamwaga polepole. Majivu yakaja usoni kwetu. Akatikisa kichwa: vizuri. Upepo ulitoka mbele, kwa hiyo harufu yetu ilikwenda nyuma. Swala akinusa mtu, hutamwona tena.

Kwa nini asubuhi? Wakati wa baridi swala hula majani mahali peupe. Jua likiwa kali hujipumzisha, na upepo nao hubadilika ovyo.

Kisha tukatazama chini. Alama ya kwato ikiwa mpya, kingo zake ni kali. Ikikaa, upepo huzibomoa na vumbi huingia ndani. Kinyesi kipya kina unyevu, cha zamani ni kikavu.

Kunyatia

Tuliwaona kundi dogo. Swala tomi ni mdogo, ana mstari mweusi ubavuni, na mkia wake hauachi kuchezacheza. Mkia ukitulia na kichwa kikiinuka, ujue ana shaka. Tulitambaa walipoinamisha vichwa. Walipoinua, tuligeuka visiki. Magoti yaliniuma na mikono ikafa ganzi, lakini sikuthubutu hata kukohoa.

Dume na jike wote wana pembe. Za dume ni nene na ndefu, za jike ni nyembamba na fupi. Mzee hakufanya haraka. Alitazama mpaka akampata dume, akangoja ageuke ubavu. Mwindaji hulenga nyuma ya bega, mnyama afe upesi. Akimjeruhi, ni wajibu wake kumfuata mpaka ampate, hata kama ni kutwa nzima.

Dume akageuka. Mzee akainua bunduki. Moyo wangu ukadunda. Tayari niliiona nyama kwenye baiskeli na watoto wakitupokea.

Mzee akashusha bunduki.

Nilimkazia macho. Akanionyesha kwa kidevu. Mbali, nyuma ya yule dume, vumbi lilikuwa linapanda. Ng'ombe walitoka kwenye vichaka, na nyuma yao kijana mdogo mwenye fimbo. Risasi ikimkosa swala haisimami pale. Inaendelea. Swala walishtuka, wakarukaruka kwa miguu yote minne imekakamaa, wakaenda zao.

Waya

Tulirudi mikono mitupu. Njiani tukanusa uvundo. Kichakani palikuwa na kitanzi cha waya kimefungwa kwenye mti. Ndani yake alikuwa swala jike, ameoza. Tumboni alikuwa na mtoto. Aliyetega hakurudi kumchukua. Hakuna aliyekula ile nyama ila fisi na funza.

Mzee alisimama kimya. Halafu akasema, "Mimi nimeona yule mtoto, nikaacha. Huu waya una macho?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sheria inakataza vitanzi, mashimo na sumu. Waya hauchagui dume wala jike. Hausomi leseni. Hauhesabu mmoja ukaacha. Unaweza kumkamata ndama wako au mbwa wako. Nao hukaa pale siku nyingi baada ya mwenyewe kuusahau.

Kwa hiyo kumbuka haya:

Ukiona kitanzi, kumbuka mahali kilipo, ukawaarifu askari wa wanyamapori au ofisi ya kijiji.

Mtu akikuletea nyama ya porini, muulize karatasi yake. Kukutwa na nyama hiyo bila kibali ni kosa, hata kama hukuua wewe. Kwa sheria hiyo ni nyara ya serikali. Watu wamefungwa, na watoto wao wamebaki bila wa kuwalimia.

Ukitaka kuwinda, nenda ofisi ya wanyamapori uulize masharti. Usiweke kidole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Sasa unajua kusoma. Isome mpaka mwisho.

Siku ya pili mzee alirudi porini peke yake. Leseni yake ilikuwa bado na siku tatu.