Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Sisi wa Turiani twalima chini ya milima ya Nguru, na ndugu zetu Waluguru, kusini yetu, walima milima yao. Kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, nayo ilifuata upande wa mama. Mgeni akitaka kulima, alimwendea mkuu wa ukoo. Hati hapakuwa nayo. Shahidi alikuwa kaburi la bibi.

Hata mwaka 1895 Serikali ya Wadachi ikaamuru kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. Lakini konde lililoachwa miaka michache lipumzike, machoni pa mgeni ni pori tu! Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, waliita nchi yote ardhi ya umma, chini ya Gavana. Huko Kenya mambo yalizidi: sheria ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. (Nani angengoja aone mwisho wake?)

Basi, mwaka 1955 Waluguru walipokataa kuchimba matuta ya ngazi, walioita jambo hilo uvivu hawakutazama mbali. Kazi ilikuwa nzito, ni kweli. Lakini twaona kwamba mtu aliyekwisha kusikia konde la bibi yake likiitwa la Serikali, hakubali upesi kuamriwa namna ya kulilima. Mpango ule ukaachwa.